Kutoa wimbo kwenye kompyuta mpaka uimbe kwenye redio ya CD

Mwaka fulani niliwagawia wanakwaya wangu CD 12 za mazoezi, nilikesha nazo usiku mzima, Jumapili nikazigawa baada ya misa nikiwa najisikia mtu mkubwa kabisa. Jumatatu jioni simu ikaita, ni mama mmoja wa sauti ya pili. Nikamwambia shikamoo mama, akaitika marahaba mwalimu, alafu akaniambia kwa upole tu, "mwalimu, hii CD uliyotupa inazunguka lakini haiimbi." Nikajua redio yake ni mbovu. Nusu saa baadae kapiga wa besi, alafu wa teno, na wote wanasema kitu kile kile. CD zote 12 zilikuwa bure, na kwangu kwenye laptopu zilikuwa zinapiga vizuri kabisa!

Sasa najua kuna walimu wa kwaya wengi na watunzi na hata vijana wa biti ambao wanaandika muziki kwenye kompyuta, MuseScore, Finale, Sibelius, FL Studio na nini, na siku wakiombwa "tuwekee kwenye CD" wanagonga mwamba kama mimi. Kwa hiyo naandika hapa jinsi ninavyofanya siku hizi, kuanzia kwenye nota mpaka kwenye redio ya mzee.

Na usinicheke kwamba nani bado anatumia CD. Wazee wa kwaya yangu nusu yao hawana simu janja, lakini redio yenye CD ipo pale sebuleni imefunikwa kitambaa. Na kuna magari. Haya magari ya mitumba yanayotoka Japani mengi redio yake inaanzia 76 inaishia 90 FM maana kule ndio yalikuwa mawimbi yao, stesheni zetu nyingi zipo juu ya 90, kwa hiyo mtu akinunua gari hajafunga kile kifaa cha kuongeza mawimbi anabaki na CD tu. Katibu wetu wa kwaya amejifunza misa nzima akiwa kwenye foleni.

Kwanza elewa midi ni nini

Hapa ndio kosa langu lilipokuwa. Faili la midi, lile linaloishia na .mid, halina sauti hata tone. Ndani yake kuna maagizo tu: piga do sasa hivi, iachie baada ya muda huu, igonge kwa nguvu kiasi hiki, tumia ala namba fulani. Ni karatasi ya nota, basi. Ukichukua karatasi ya nota ukaiweka juu ya redio haitaimba, mpaka apatikane mtu anayejua kuisoma. Kwenye kompyuta huyo msomaji yupo, Windows ina ala zake ndogo ndogo ndani zinaitwa Microsoft GS Wavetable Synth, ndio maana ukibofya faili unasikia kinanda, na ndio maana wimbo huo huo kwenye kompyuta ya mwenzio unasikika tofauti, karatasi ni ile ile ila mpigaji mwingine. Redio ya CD haina msomaji. Inajua kitu kimoja tu, kupiga sauti ambayo tayari ni sauti.

Kuna watu wanachukua wimbo.mid wanaubadilisha jina unakuwa wimbo.mp3 wakidhani wamemaliza. Ukimwita mtu teno hajawa teno.

Angalia hata ukubwa utaelewa. Wimbo wangu wa dakika 4 wenye sauti nne na kinanda, midi yake ni kama KB 30. Ukiwa sauti kamili ya CD ni kama MB 42. Hesabu yake iko hivi, CD inapima sauti mara 44,100 kwa sekunde moja, kila kipimo kina biti 16, na kuna upande wa kushoto na wa kulia, kwa hiyo ni baiti 176,400 kila sekunde, karibu MB 10.6 kwa dakika. Hicho kipimo walikubaliana Sony na Philips mwaka 1980 na mpaka leo hakijabadilika, ndio maana CD unayochoma leo inaweza kupiga kwenye redio ya miaka ya themanini. Midi nayo ilikuja 1983, ni rika moja tu.

Kwa hiyo kariri hii: WAV (faili la sauti kamili ambayo haijabanwa), 44,100, biti 16, stereo. Kila utakachofanya kuanzia hapa ni kufika kwenye hicho kitu.

Kuipa nota sauti

Hapa ndio pa kutulia. Kuchoma CD ni dakika tano, lakini kama sauti uliyotoa ni ile ya kinanda cha kwenye kadi ya Krismasi, hata CD iwe ya dhahabu watu watasikiliza mara moja tu.

Mi natumia MuseScore kwa sababu ni ya bure na haina longolongo. Ukishamaliza kuandika nenda File, alafu Export, chagua WAV, kwenye sampuli weka 44100, na kama toleo lako linakuuliza biti weka 16. Basi, imetoka. Ukiwa na Sibelius nayo ina Export ya Audio, Finale hivyo hivyo. Hapo kwenye Finale niseme kidogo, wenye Finale walitangaza mwezi wa 8 mwaka 2024 kwamba hawaiendelezi tena, na najua walimu wengi huku bado nyimbo zao zote ziko humo. Haijazimika, kama ipo kwenye mashine yako inafanya kazi, lakini anza mapema kutoa nyimbo zako kwa MusicXML, aina ya faili la nota ambalo programu nyingi zinalisoma, ili uweze kuzifungua kwenye programu zingine. Usizitoe kwa midi tu, midi inapoteza maneno ya wimbo mara nyingi na nota zinapangika vibaya.

Sasa ubora. MuseScore inapiga kwa kutumia kitu kinaitwa saundifonti, ni faili lenye sauti za ala zilizorekodiwa kweli, linaishia na .sf2 au .sf3. Ile inayokuja nayo siyo mbaya. Ukitaka nyingine zipo za bure, kuna FluidR3 ambayo ni kubwa kama MB 140, na kuna GeneralUser GS ambayo ni ndogo zaidi, kama MB 30 hivi, na mimi hiyo ndogo ndio naipenda, kinanda chake hakinung'uniki. Kwenye MuseScore 4 unaiweka tu kwenye folda la SoundFonts lililopo ndani ya folda la MuseScore4 kwenye Documents, unafungua programu upya, unaichagua kwenye miksa, lile dirisha la kupanga volyumu ya kila sauti. Kwenye MuseScore 3 unapitia View, Synthesizer. Kuna pia Muse Sounds, hizo ni nzuri zaidi hasa nyuzi na kwaya, lakini ukizitaka zote zinakula GB nyingi za bando na kompyuta yenye RAM ndogo itahema, kwa hiyo shusha ile unayohitaji tu.

Jambo lingine ni sauti gani uchague. Wengi wakiandika kwaya wanaweka ala ya "Choir Aahs" kwa sababu ni kwaya, si ndio? Sasa sikiliza yale ma-aaa manne yakipiga pamoja, soprano na alto huwezi kuzitenganisha, ni uji mtupu, na mwanzo wa nota hausikiki maana zinaingia polepole. Kama CD ni ya kujifunzia weka piano au hata klarineti, kitu chenye mwanzo unaosikika. Kama ni ya kumpa mtu asikilize wimbo ulivyo, weka ogani ya kanisa na nyuzi. Hizo namba za ala zina mpango wake, zilipangwa mwaka 1991, ala 128, ogani ya kanisa ni 20 na ile kwaya ni 53, lakini programu zingine zinaanza kuhesabu sifuri kwa hiyo utakuta 19 na 52, usichanganyikiwe. Na chaneli ya 10 ya midi ni ya ngoma peke yake. Nilishawahi kusikia alto yangu yote inalia kama debe na matoazi, nikahangaika nayo saa nzima, kumbe programu ilikuwa imeipeleka alto chaneli ya 10.

Alafu kuna ukavu. Kompyuta haipumui. Inaimba mstari wa kwanza inaunganisha na wa pili kama mtu anayekimbizwa. Weka alama za pumzi, weka fermata (alama ya kushikilia nota), punguza mwendo kwenye mstari wa mwisho, weka p na f zako (sauti ndogo na sauti kubwa) kweli kweli siyo kwa ajili ya mapambo. Dakika kumi za kazi hiyo zinabadilisha wimbo kuliko saundifonti yoyote utakayoshusha. Mwangwi nao weka kidogo. Kidogo nimesema! Wengine wanaweka mpaka wimbo unasikika kama uko ndani ya tangi la maji, wakati kanisa lenyewe tunaloimbia ni la bati na mvua ikinyesha hata padri hasikiki.

Kama wewe una faili la midi tu, huna nota, labda umetumiwa, unaweza kulifungua kwenye MuseScore likapiga na kutoka WAV. Ila kama midi hiyo ilipigwa laivu kwenye kinanda na mtu, MuseScore italazimisha kila nota ikae kwenye mstari na ule utamu wa mkono unapotea. Hapo bora FluidSynth. Haina madirisha, ni ya kuandika amri, usiogope, ni mstari mmoja:

fluidsynth -ni -F wimbo.wav -r 44100 sauti.sf2 wimbo.mid

Hiyo sauti.sf2 ni saundifonti yako, wimbo.mid ni faili lako, na wimbo.wav ndio itakayozaliwa. Inamaliza haraka kuliko urefu wa wimbo wenyewe. Zipo na tovuti za kugeuza midi kuwa mp3, unapandisha faili unashusha, ni sawa kama una haraka, lakini huchagui sauti, unapewa walichonacho.

Na kama ulitunga kwenye kinanda chenyewe, na zile sauti za kinanda ndio unazozitaka, midi yake ukiipeleka kwenye kompyuta zile sauti hazitakuja, zimebaki kule kule kwenye kinanda. Vinanda vipya vingine vinarekodi WAV moja kwa moja kwenye fleshi, angalia kwanza kama chako kina hiyo. Kama hakina, toa waya kwenye tundu la hedifoni la kinanda ingiza kwenye tundu la kurekodia la kompyuta, fungua Audacity, programu ya bure ya kurekodi na kukata sauti, volyumu ya kinanda weka kama nusu, rekodi. Jaribu kwanza na sehemu yenye kelele kuliko zote ya wimbo, kama mistari ya sauti inagonga juu kabisa na kukatika kichwa punguza, maana sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hakuna fundi wa kuishona.

Kuna na njia ya mwisho ya programu ambazo zinapiga lakini hazikubali kutoa WAV, hasa za zamani. Kwenye Audacity upande wa Windows, pale pa kuchagua chanzo cha sauti weka Windows WASAPI, alafu kifaa cha kurekodia chagua spika zako zile zenye neno loopback. Hapo Audacity inarekodi kile kile kinachotoka kwenye spika, bila maiki, kwa hiyo hata jogoo akiwika haingii. Ila zima simu ya kwenye kompyuta, WhatsApp, taarifa zote, mi nina wimbo mmoja wa Kwaresma una mlio wa meseji katikati na hatujawahi kuurudia.

Traki za mazoezi, kama CD ni ya kwaya

Kama unatengeneza kwa ajili ya kujifunza, usitoe wimbo mmoja tu wenye sauti zote. Wa sauti ya pili akisikiliza zote anakimbilia ya kwanza, siku zote. Fungua miksa kwenye MuseScore kwa F10, acha alto juu, zingine shusha mpaka zisikike kwa mbali, toa WAV, ita "02 alto". Rudia kwa kila sauti.

Na kuna mbinu moja naipenda kuliko zote, sijui kwa nini watu hawaitumii. Kwenye miksa hiyo hiyo kila sauti ina kitufe cha kuipeleka kushoto au kulia. Peleka alto yote kushoto kabisa, zingine zote na kinanda kulia kabisa. Sasa mtu akiwa na redio au gari lenye Balance, akigeuza kushoto anasikia alto peke yake anajifunza, akishajua anageuza kulia, alto inapotea anaimba yeye na wenzake "wengine" wanamjibu. Mwenye hedifoni anatoa sikio moja tu. CD moja, mazoezi mawili. Ila redio ndogo zenye spika moja hazina hiyo, zinachanganya kila kitu, kwa hiyo kwa hao fanya ile ya kwanza ya kushusha volyumu.

Hesabu nafasi kabla hujaahidi watu. CD ya kawaida ni dakika 80 za muziki, zile za zamani 74. Na traki haziwezi kuzidi 99. Nyimbo 4 za dakika 4, kila moja kwa namna tano (sauti zote pamoja, alafu kila sauti kati ya nne na traki yake), hizo ni traki 20 za dakika 80 kamili, na mara nyingi programu inaweka sekunde 2 za kimya kabla ya kila traki, tayari umezidi. Weka nyimbo 3. Tena hata kwa kichwa cha mzee nyimbo 3 kwa mwezi zinatosha.

Kitu kimoja watu wanakosea hapa, kwenye pakiti ya CD imeandikwa MB 700 na dakika 80, sasa mtu anajumlisha WAV zake zinafika MB 750 anasema hazienei anapunguza. Kwa CD ya muziki angalia dakika, achana na MB. Ile 700 ni ya kuhifadhi mafaili, ambako sehemu ya nafasi inatumika kulinda data isiharibike, muziki hauna ulinzi wote huo kwa hiyo unaingia mwingi zaidi.

Kusafisha kidogo

Fungua kila WAV kwenye Audacity. Mwanzoni kata kimya kirefu acha kama nusu sekunde, usikate mpaka kwenye nota yenyewe maana redio zingine zinachelewa kuamka na kumeza silabi ya kwanza. Mwishoni acha mwangwi ufe wenyewe, sekunde mbili tatu. Alafu tumia Normalize, ya kupandisha sauti mpaka kipimo unachotaka, weka -1 dB, usiweke sifuri. Ila ujue hiyo inapima kilele tu, kwa hiyo wimbo wenye ngoma moja kubwa unaweza kubaki mdogo kuliko wimbo wa ogani ambao hauna kilele chochote. Sikiliza sekunde kumi za kila traki mfululizo, ile inayokufanya uinuke kwenda kupunguza redio, hiyo ishushe.

Ukimaliza toa WAV ya biti 16, na hapo hapo hakikisha ni 44100. Ukikuta ilikuwa 48000, ambayo ni ya mambo ya video, Audacity itaigeuza. Programu nyingi za kuchoma zinageuza zenyewe pia, lakini zingine zinagoma na ujumbe usioeleweka, ndio uanze kufikiri CD ni mbovu. Na usipitie mp3 katikati kwamba eti ni ndogo. Ukigeuza WAV kuwa mp3 alafu ikarudi WAV, ukubwa unarudi ila kilichokatwa hakirudi.

Kuchoma

Nunua CD-R. Soma pakiti vizuri, DVD-R inafanana nayo kama mapacha na haitapiga kwenye redio ya CD hata ukiiombea. CD-RW, zile za kufuta na kuandika tena, nazo ziache, zinaakisi mwanga kidogo sana na redio nyingi za zamani haziioni kabisa. Laptopu mpya hazina tena mahali pa CD, utahitaji kichomeo cha nje cha USB, na kama waya wake una vichwa viwili chomeka vyote, hicho cha pili ni cha umeme.

Ukiweka CD tupu Windows inakurukia na dirisha inauliza utaitumiaje hii diski, kama fleshi au na CD/DVD pleya. Hapa ndipo nilipokufa mimi. Nikaona "CD pleya", nikasema ndio hiyo hiyo, nikaburuta mafaili yangu ya midi yale. Dirisha hilo ni la kupanga mafaili kwenye diski. Lifunge tu.

Fungua Windows Media Player, ile ya zamani, kwenye Windows 11 inaitwa Legacy. Nenda kwenye Burn, bofya kile kitufe cha chaguzi hakikisha imewekwa Audio CD na siyo Data CD, haya maneno mawili ndiyo tofauti kati ya CD inayoimba na CD inayozunguka. Buruta WAV zako kwa mpangilio unaotaka, angalia dakika zilizobaki, kwenye chaguzi shusha spidi, alafu Start burn. Kwenye Ubuntu kuna Brasero, chagua mradi wa Audio, au K3b. Kwenye Mac unatengeneza orodha kwenye programu ya Music alafu unaichoma kama Audio CD. Mi siku hizi natumia CDBurnerXP, ni ya bure na inachoma diski nzima kwa mpigo mmoja na kuifunga. Hilo la kufunga ni muhimu, CD ambayo haijafungwa kompyuta inaisoma lakini redio inaiona tupu.

Spidi weka 8 au 16 hivi. Kichomeo kitakuambia kinaweza 48, mwache ajisifu. Wakati inachoma usifungue video, usiguse meza, na kama umeme wa kwenu ni ule wa kuja na kuondoka hakikisha betri imejaa, CD-R ikikatika katikati ndio imekwisha, hairudiwi.

Ikitoka irudishe ndani ya kompyuta uangalie. Utaona Track01.cda, Track02.cda, kila moja KB 1. Usipige kelele kwamba haijaingia! Hizo ni kama alama za mlangoni tu, muziki upo. Na kwa sababu hiyo hiyo mtu akizikopi hizo .cda kwenye fleshi anaondoka na hewa. Ukiona badala yake mafaili yako yenye majina yake ya .wav au .mid, pole, umetengeneza Data CD, rudi nyuma. Redio zingine zenye alama ya MP3 usoni zitapiga CD ya mafaili ya mp3, na hapo unaingiza hata nyimbo 100, lakini uliza kwanza, usigawe kwa kubahatisha.

Jaribu kwenye redio mbaya kuliko zote unayoijua kabla hujachoma nakala zingine 11. Kwetu ni ya mlinzi wa parokia, ikipiga pale inapiga popote. Ikirukaruka choma nyingine kwa spidi ndogo zaidi au badilisha aina ya CD, kuna zile za bei ya kutupa ambazo upande wa chini ukiinua juani unaona mpaka mti wa jirani.

Andika jina kwa kalamu laini ya wino ya CD, upande wa juu, siyo bolpeni, maana tabaka lenye muziki liko chini tu ya hapo unapoandikia na ncha ngumu inalikwaruza. Karatasi ya kubandika usiweke, ikibanduka kona moja kwenye joto inanasa ndani ya redio ya gari, na kuitoa ni kufungua dashibodi nzima. Namba ya traki na sauti yake andika kwenye kava kwa herufi kubwa, "2 = SAUTI YA PILI", ili mama asikupigie simu usiku.

Faili la nota na folda la WAV vitunze sehemu mbili. Wakitaka nakala nyingine mwakani unachoma kutoka kwenye WAV, maana ile CD ya mwanzo kufikia hapo itakuwa imekaa miezi sita kwenye dashibodi ya Noah juani, na CD-R juani haichukui muda kufa.